Shule za mkataba Marekani: watoto wa maskini wanafaulu kweli, au ni mchujo tu?

Mpwa wa Kigoma

Wakuu, habari za wakati.

Niko Houston, Texas, mwaka wa nane huu. Binti yangu anamaliza darasa la nne, na karibu mwezi sasa mezani kuna fomu mbili. Moja ni ya shule ya serikali ya mtaani kwetu. Nyingine ni ya bahati nasibu ya shule ya mkataba, dakika ishirini na tano kwa basi. Mama yake anataka hiyo ya pili, mimi nilitaka ya kwanza. Tulibishana, tukanuniana siku mbili, nikaamua nisome. Nimesoma wiki tatu. Naweka nilichokipata, wenye macho mnikosoe.

Kwa mlio nyumbani, msije mkadhani ni shule za kulipia. Shule ya mkataba, hapa wanaita chata, inaendeshwa kwa kodi, haina ada na haina mtihani wa kuingilia. Tofauti yake ni kwamba haiko chini ya ofisi ya elimu ya wilaya. Kikundi cha watu kinapewa mkataba na mamlaka: endesheni mnavyojua, pangeni saa na walimu wenu, lakini matokeo yakiwa mabaya mkataba haurudi. Waombaji wakizidi viti inachezeshwa kura. Sheria ya kwanza ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka 1992. Kinachochekesha ni kwamba mmoja wa waliolipigia debe wazo hili mwaka 1988 alikuwa Albert Shanker, rais wa chama cha walimu. Leo vyama vya walimu ndio wapinzani wakubwa wa shule hizi.

Sasa matokeo. Nilianza na utafiti wa kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2009, majimbo 16. Katika hesabu, asilimia 17 ya shule za mkataba ziliwazidi wenzao wa serikali, asilimia 37 zilikuwa chini yao, na asilimia 46 hapakuwa na tofauti. Nikamwekea mama watoto mezani, nikajiona nimeshinda kesi. Yeye ni muuguzi. Akatazama ukurasa, akaniuliza, "Hizo ni za wapi? Mjini au shamba? Za watoto gani?" Nikarudi kusoma.

Na kweli. Kituo hicho hicho mwaka 2015 kiliangalia maeneo ya miji 41 peke yake. Humo mtoto wa shule ya mkataba alipata kwa mwaka kiasi cha siku 40 zaidi za hesabu na siku 28 za kusoma, kumzidi mtoto wa aina yake aliyebaki shule ya serikali. Waliofaidika zaidi ni watoto weusi na Walatino wa familia za kipato cha chini. Boston na Newark zilikuwa juu sana. Halafu mwaka huo huo wakatoa ripoti ya shule za mkataba za mtandaoni, zile mtoto anasomea nyumbani kwa kompyuta. Hesabu: siku 180 pungufu. Mwaka wa shule Marekani ndio siku 180! Ni sawa na kusema mtoto hakusoma hesabu kabisa mwaka mzima.

Kwa hiyo neno "mkataba" peke yake halisemi kitu. Ni kama kuniambia kuna mgahawa unaomilikiwa na mtu binafsi, ukanitaka nikwambie pilau lake likoje.

Kilichonigeuza ni Boston. Pale wachumi, akiwemo Joshua Angrist aliyepata Nobeli mwaka 2021, walichukua majina yote yaliyoingia kwenye kura, wakawafuatilia walioshinda na walioshindwa. Hapo ule ubishi wa "wanaoomba ni watoto wa wazazi wanaojali" unakufa, maana wazazi wa pande zote mbili waliomba. Kilichowatenganisha ni bahati. Walioshinda waliwaacha wenzao mbali, hasa hesabu za shule ya kati, ile iliyo kati ya msingi na sekondari. Watafiti hao walipotoka nje ya miji, kwenye shule za mkataba za vitongoji vya watu wenye nafasi, faida haikuwepo, na penginepo ilikuwa hasara.

Niko nusu nusu. Karibuni.

---

Jirani wa Posta

Niko siti ya mbele. Ngoja waje wenye mada yao.

---

Fundi Saa

Mkuu umetiririka vizuri, ila hizo "siku 40" zinanikera. Nani alikaa na saa akahesabu siku za kujifunza? Mtoto anajifunza kwa siku kama anavyopokea kibarua?

---

Mpwa wa Kigoma

Swali zuri Fundi. Hakuna aliyehesabu siku. Wanachukua tofauti ya alama za mtihani, halafu wanaigeuza kuwa siku ili sisi tuelewe. Wapo wataalamu wanaolalamika kwamba ubadilishaji huo unakuza mambo.

Nikupe kwa njia nyingine. Panga watoto mia kwa alama, wa kwako awe wa hamsini katikati. Zile siku 40 za hesabu, ukizirudisha kwenye alama, zinamsogeza apite wenzake kama wawili kwa mwaka. Wawili tu! Ndio wastani wa miji yote 41. Lakini kwenye zile shule za kati za Boston zilizopimwa kwa kura, mwaka mmoja wa hesabu unampitisha kama kumi na tatu au kumi na tano. Ukizidisha kwa miaka mitatu unaona kwa nini watu walipiga kelele.

KIPP nao, mtandao wa shule za mkataba ulioanzia hapa hapa Houston mwaka 1994 kwa walimu wawili vijana, Mike Feinberg na Dave Levin, walipimwa na kampuni ya utafiti ya Mathematica. Ripoti ya 2013, shule za kati 43: baada ya miaka mitatu mtoto alikuwa mbele kwa kiasi cha miezi 11 ya hesabu na miezi 8 ya kusoma. Nayo ni miezi ya kugeuzwa, Fundi, usinirudie.

---

Kijana wa Buguruni

Wakuu mbona mnazunguka? Huo ni mchujo, basi. Bongo tunaujua. Shule inapokea watoto 120 kidato cha kwanza, ikifika kidato cha nne wamebaki 60. Wengine wamekaririshwa darasa wakaondoka wenyewe, wengine wameshauriwa "mtoto wako atafaa zaidi kwingine", wengine wanapelekwa kufanyia mtihani kituo kingine ili wastani usichafuke. Halafu matokeo yakitoka, mabango barabarani na picha za watoto wenye joho. NECTA yenyewe, baraza la mitihani, ilichoka, matokeo yaliyotangazwa Januari 2023 ikaacha kutaja shule kumi bora. Leo nisikie Mmarekani kavumbua muujiza? Nionyeshe walioondoka ndipo nitaamini waliobaki.

---

Mpwa wa Kigoma

Kijana, hili lilinichukua usiku mzima kulielewa, nisikilize.

Kwenye utafiti wa kura, aliyeshinda anahesabiwa upande wa washindi hata kama aliondoka mwezi wa pili, na hata kama hakuingia kabisa. Alama zake za kule alikohamia zinarudishwa kwenye kapu la washindi. Shule haiwezi kujisafisha kwa kumfukuza mtoto, kwa sababu mtafiti anamfuata huko huko. Ukilinganisha mabango, mchujo unakudanganya. Ukilinganisha kura, haukudanganyi kirahisi.

Ila kuna mlango wa nyuma. Wakiondoka wawili, je, wanaingizwa wengine kujaza viti? Mathematica waliangalia KIPP: wanaoondoka si wengi kuliko shule za jirani, lakini madarasa ya juu yanapokea wapya wachache, na hao wachache wana alama nzuri kuliko wa shule za jirani. Darasa linabaki na watu wake. Mtoto anayesoma katikati ya watulivu si sawa na anayesoma kwenye darasa linalopokea mgeni kila mwezi. Hapo nakupa nusu goli.

---

Mwananchi wa Bronx

Nusu goli? Mpe goli zima kwa New York. Success Academy, mtandao wa Eva Moskowitz ulioanza Harlem mwaka 2006, alama zake za mtihani wa jimbo zinazipita shule za matajiri. Lakini kwa miaka mingi, baada ya darasa la nne, hawakuwa wakijaza viti vilivyoachwa wazi. Na mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba mkuu wa shule yao moja ya Fort Greene, Brooklyn, alikuwa na orodha ya majina ya watoto 16 yenye kichwa cha maneno yanayomaanisha "hawa lazima waondoke". Moskowitz alisema ni kosa la mkuu huyo na si sera. Sawa. Lakini mimi mzazi nikisoma hiyo, silali.

---

Dada Chaki

Nimefundisha shule ya mkataba miaka miwili, jiji la pwani ya mashariki, sitalitaja. Hesabu, darasa la sita. Nawapa ya ndani, maana nyote mnaongea matokeo na hakuna aliyegusa kinachofanyika humo.

Watoto wanafika saa moja na nusu asubuhi, wanaondoka saa kumi na moja jioni. Wakati mwenzao wa shule ya jirani yuko nyumbani saa tisa, wa kwangu ana saa mbili zaidi, na moja ni tuisheni. Si tuisheni ya kwetu ya watoto sitini kwenye banda la mabati. Ni kijana mmoja aliyemaliza chuo juzi na watoto wawili, kila siku, hesabu tu. Mtoto aliyekuja hajui meza ya saba anashikwa hapo hapo, hasubiri mtihani wa mwisho wa muhula umuumbue. Match, shule ya mkataba ya Boston, ilikuwa na vijana wa namna hiyo wanaoishi ghorofa ya juu ya jengo la shule. Mimi niliona kwa macho yangu kwamba hicho ndicho kilichobeba. Kila Ijumaa tulikuwa na karatasi ya alama za jaribio, mwanafunzi kwa mwanafunzi, na Jumatatu nabadilisha somo kufuata karatasi hiyo. Mwalimu mlezi anakaa nyuma ya darasa langu kila wiki, tukitoka ananiambia: ulipouliza swali lile ulimtazama mtoto yule yule mara tano. Shule ya serikali niliyotoka, nilikaguliwa mara moja kwa mwaka.

Sasa upande wa pili. Kuna mkanda umebandikwa sakafuni, watoto wanatembea juu yake kimya. Kila kosa lina pointi. Nilikuwa na mvulana wa Kikongo, familia imekuja kutoka kambi ya wakimbizi, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Iliamuliwa arudishwe nyumbani kwa kukosa mkanda wa suruali mara ya tatu. Mama yake anafanya kazi zamu ya usiku kiwanda cha kuku, simu iliita haikupokelewa, mtoto alikaa ofisini siku nzima. Siku hiyo tulikuwa tunaanza uwiano, somo ambalo mwaka mzima linasimama juu yake. Niambieni faida ya kanuni hiyo kwenye alama zake.

Mimi mwenyewe niliondoka mwaka wa pili. Walimu wa umri wangu tulikuwa tisa, mwaka wa tatu nasikia wamebaki wawili. Simu ya shule ilikuwa inaita mpaka saa tatu usiku, mtoto kakwama swali la nne.

---

Bibi Chapati

Dada Chaki pole mwanangu. Huyo mtoto wa Kikongo aliishia wapi?

---

Dada Chaki

Shikamoo bibi. Alibaki. Mama yake alikuja na mikanda mitatu ya mtumba, akaniachia mmoja kwenye droo yangu. Alifaulu hesabu mwaka ule, Kiingereza bado kilikuwa kinamsumbua.

---

Mpwa wa Kigoma

Dada Chaki umenipa kitu ambacho ripoti hazina, na pia umeniokoa. Wachumi Roland Fryer na Will Dobbie walipima shule 39 za mkataba za New York wakiuliza ni nini kinachozitenganisha nzuri na mbovu. Wingi wa watoto darasani haukueleza. Pesa kwa kila mtoto haikueleza. Vyeti vya mwalimu havikueleza. Vilivyoeleza ni vitano, na umevitaja karibu vyote bila kuvisoma: mwalimu kuangaliwa na kurekebishwa mara kwa mara, alama kutumika kubadilisha ufundishaji, tuisheni nzito ya vikundi vidogo, saa zaidi, na shule kumtarajia kila mtoto afike mbali. Mkanda wa suruali haumo.

Fryer hakuishia hapo. Alikuja Houston yetu kuanzia mwaka 2010, akayaingiza hayo matano kwenye shule 20 za kawaida za serikali zilizokuwa zinafanya vibaya. Wakuu wa shule walibadilishwa, na kwenye sekondari karibu nusu ya walimu. Siku ya shule ikarefushwa, tuisheni ya hesabu ikawekwa kwa madarasa machache yaliyochaguliwa. Hesabu zikapanda karibu kama za shule za mkataba. Kusoma hakukupanda kwa maana.

Ndio maana sasa nimeacha kuuliza "mkataba au serikali". Nauliza shule ina tuisheni gani, na ni nani anayelipia.

---

Kijana wa Buguruni

Hapo kwenye kusoma kutopanda mbona unapita haraka?

---

Mpwa wa Kigoma

Napita haraka kwa sababu jibu langu ni la kukisia. Hesabu mtoto anazipata shuleni karibu zote. Lugha anaipata jikoni, kwenye basi, kanisani, kwa shangazi. Saa mbili za ziada haziwezi kushindana na miaka kumi ya maneno. Lakini Boston walioshinda kura bila kujua Kiingereza vizuri nao walipanda, mtafiti Elizabeth Setren aliwaangalia hao pamoja na wenye mahitaji maalumu. Kwa Waswahili wa hapa hilo si jambo dogo. Nusu ya watoto wa Kikongo wa jengo letu wako kundi hilo.

---

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimewasoma. Mimi nina swali la mzee: mtihani umepanda, maisha je? Tulikuwa na wanafunzi waliofaulu darasa la saba kwa kukariri, wakafika sekondari wakayeyuka.

---

Mpwa wa Kigoma

Shikamoo mwalimu. KIPP wenyewe mwaka 2011 walitoa hesabu yao ya wanafunzi wa mwanzo kabisa: asilimia 33 walikuwa wamemaliza chuo cha miaka minne. Watoto wa kipato cha chini Marekani nzima, asilimia 8. Wengine walisema ni ushindi, wengine wakasema mliwaahidi chuo wote, wawili kati ya watatu hawakumaliza. Nadhani wote wawili walisema kweli.

Kuna kingine cha 2023, cha Mathematica tena, kwa kura. Mtoto aliyesoma KIPP shule ya kati peke yake, athari kwenye chuo ni ndogo, huwezi kuitofautisha na bahati. Aliyesoma ya kati na sekondari yake pia, kumaliza chuo kunapanda kwa pointi 19 za asilimia. Kwa hiyo unachosema kuhusu kuyeyuka ni kweli mwalimu. Ukimwachia njiani anarudi alikotoka.

---

Mwananchi wa Bronx

Mmesahau New Orleans. Baada ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, jimbo lilichukua shule karibu zote na baadaye mji mzima ukawa wa shule za mkataba. Alama zilipanda, kumaliza sekondari kukapanda, Doug Harris wa Tulane ameandika kwa kina. Lakini wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule walifukuzwa kazi kwa mpigo, wengi walimu weusi wa mji ule ule. Ndio waliokuwa na nyumba, ndio waliokuwa wanaimbisha kwaya. Mwaka 2024 wilaya ikafungua tena shule yake yenyewe. Hizo kwaya hazimo kwenye mtihani wa jimbo.

---

Jirani wa Posta

Massachusetts, jimbo lenye Boston, nao walipiga kura 2016 kama waongeze shule za mkataba. Ushahidi wa Boston uko mezani kabisa. Wananchi asilimia kama 62 wakasema hapana.

---

Dada Chaki

Kwa sababu pesa inamfuata mtoto. Ukiondoka na watoto wawili kila darasa, shule ya wilaya haiwezi kuzima taa kidogo au kumpunguza mwalimu robo. Gharama inabaki pale pale.

---

Bibi Chapati

Mpwa, mmefikia wapi na mama watoto? Bahati nasibu imechezeshwa?

---

Mpwa wa Kigoma

Shikamoo bibi. Imechezeshwa Alhamisi. Barua pepe imekuja saa nne asubuhi, nikiwa kazini juu ya ngazi. Tuko namba 61 kwenye orodha ya kusubiri. Mama yake anasema 61 ni karibu, watu huhama. Mimi nimeshapiga mahesabu ya viti, nimenyamaza.

Jana nilienda shule ya mtaani nikamwuliza mkuu wao kuhusu tuisheni ya hesabu. Ipo, Jumanne na Alhamisi, watoto kumi na wawili kwa mwalimu mmoja, na fedha yake inaisha Mei. Nimeandikisha jina. Siku zilizobaki nafundisha mwenyewe nikitoka kazini. Tumeanza sehemu. Jana kaniuliza, kama sita ni kubwa kuliko tatu, kwa nini moja ya sita ni ndogo kuliko moja ya tatu? Nimeeleza mara nne, kila mara ananitazama kama nauza bima. Dada Chaki, au yeyote mwenye njia?

---

Bibi Chapati

Chukua chapati, ikate tatu. Kila kipande kikate mara mbili tena. Mwambie achague kipande cha kula. Hatauliza tena.